Sabia na sabía: silabi mbili au tatu?

Tofauti ni kialama kimoja tu juu ya i, lakini kwa Kihispania sabia ni mwanamke mwenye hekima na sabía ni "nilijua". Mzungumzaji wa Kiswahili huyatamka yote mawili sa-BI-a, kwa sababu sisi kila irabu huipa silabi yake: si-ki-a, pa-u-ka. Hapo ndipo tunapojikwaa.

Katika Kihispania, a, e na o ni irabu nzito. I na u ni nyepesi. Nyepesi isiyo na mkazo ikikaa kando ya nzito humezwa, zikawa silabi moja: sa-bia, ai-re, far-ma-cia. Neno likiishia kwa irabu, n au s, bila alama, mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Basi ni SA-bia, far-MA-cia. Kanuni ni ileile. Kinachobadilika ni hesabu ya silabi.

Ukiona í au ú kando ya irabu nzito, zitenganishe: sa-bí-a, pa-ís, Ra-úl. Kundi hili naliona jepesi zaidi kwetu, maana alama imeshakufanyia kazi yote. Nzito kwa nzito nazo hutengana: te-A-tro.

Neno guion (kistari, au muswada wa filamu) ndilo kichekesho. Wengi hutamka gui-ON, ila tangu 2010 Real Academia Española, chuo kinachosimamia kanuni za Kihispania, hulihesabu kuwa silabi moja katika maandishi, kwa hiyo alama ya awali (guión) imeondolewa.