Nilinunua rejeta mpya ya Datsun 240Z, kumbe shida ilikuwa kava ya feni

Gari langu ni Datsun 240Z ya 1972, aina ile ile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971, na tena 1973 Shekhar Mehta akiwa kwenye usukani. Sifa hizo hazikunifaa kitu siku ile nikirudi kutoka Mombasa, pale mlima wa Salama, nyuma ya malori yaliyofuatana kama siafu. Mshale wa joto ulipanda hadi mwisho, mvuke ukaanza kutoka chini ya boneti. Nilikaa kando ya barabara saa nzima na kitambaa mkononi, nikingoja mfuniko wa rejeta upoe. Bodaboda wakipita wananipa pole, wengine wanapiga picha.

Basi nikaagiza rejeta ya alumini ya safu tatu na feni ya umeme ya inchi 16. Kazi yake ni safi: imechomelewa vizuri, na masikio yake yaliingia kwenye matundu ya zamani bila kutoboa bodi. Hosi ya chini tu ndiyo ilibidi niikate kidogo.

Kuwasha mara ya kwanza, gari likachemka upesi kuliko zamani! Fundi akasema ni gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake, akaanza kunipigia hesabu ya kufungua injini. Nikamwomba subira. Nilichana kipande cha gazeti nikakishika mbele ya rejeta, feni ikizunguka. Kilitakiwa kinyonywe kigandame pale; kikapeperuka hadi getini. Waya zilikuwa zimefungwa kinyume, feni inasukuma hewa ya moto mbele badala ya kuvuta ya baridi. Dakika tano na bisibisi, yakaisha.

Lakini kwenye foleni mshale bado ulipanda polepole. Rejeta ilikuja bila kava ya feni, yaani bati linaloizunguka feni na kufunika uso wote wa rejeta, na hapa namlaumu muuzaji kwa kunyamaza. Feni ni duara, rejeta ina pembe nne. Bila kava, hewa inavutwa pale katikati tu na pembe zinakaa bure. Fundi wa bati Kamukunji alinikatia kava, tukaizungushia raba ukingoni hewa isipenye. Hiyo ndiyo dawa. Ningeanza nayo, pengine rejeta ya zamani ya shaba ingetosha baada ya kuzibuliwa.

Mfuniko nao nunua mpya. Nairobi iko juu, maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na thamostati yangu, vali inayoachia maji yaende kwenye rejeta, hufunguka kwenye 82. Springi ya mfuniko ikilegea, presha inapotea na huna nafasi. Halafu usitie maji ya mfereji, alumini italiwa mpaka itoboke: tia kulanti nusu, maji ya betri nusu (yale safi yaliyotoneshwa, si asidi), na uinue pua ya gari unapojaza ili hewa itoke.

Wiki iliyopita nilishuka Mombasa mchana. Mtito Andei jua la utosi, mshale katikati. Kurudi, Salama ni ile ile na malori ni yale yale. Feni ikawaka yenyewe, ikazima yenyewe.

Kilichobaki ni usiku: feni ikiwaka, taa za mbele zinafifia. Relei na fyuzi vipo, ila alternator (jenereta ya gari) ya enzi hizo haikupangiwa mzigo huu. Mwisho wa mwezi nitaenda Kirinyaga Road kutafuta kubwa zaidi.