Mbungo na mpira wa mwitu

Mimea hii ya familia ya Apocynaceae hupanda miti kwa vikono vyake, na ukikata gamba hutoa utomvu mweupe. Wengi huichanganya.

Mbungo (Saba comorensis) anza kuutafuta kingo za mito na misitu yenye unyevu, ambako hupanda hadi kwenye vilele. Majani yake ni mapana, maua meupe yenye koo la manjano na harufu tamu. Bungo likiiva huwa rangi ya chungwa; lipasue uone mbegu zilizofunikwa nyama ya manjano, chachu yenye utamu. Juisi yake Unguja na Pemba, kwangu mimi, haina mpinzani.

Mpira wa mwitu (Landolphia kirkii) huvumilia ukavu zaidi: vichaka vya pwani, hata miombo. Majani ni madogo, membamba, yanang'aa. Matunda huliwa pia, lakini sifa yake ni utomvu. Mwishoni mwa karne ya 19 ulivunwa na kuviringwa mabonge ya mpira yaliyouzwa ng'ambo, na mimea mingi ikakatwa ovyo.

Ukitaka kupanda nyumbani, chagua mbungo, ila uupe mti imara wa kuukwea.