Godot kwa mwanafunzi wa masta mwenye laptopu ya mtumba: mwaka wangu na bao la kiswahili

Naandika haya kwa sababu kila wiki kuna mtu ananiuliza "lile gemu la bao ulitumia programu gani" na nshachoka kurikodi voisi za dakika sita, kwa hiyo nasema mara moja, nilitumia Godot, injini ya gemu (programu ya kutengenezea gemu) ya bure, niko nayo mwaka na kitu sasa. Nyota nne kati ya tano. Hiyo moja niloikata ntakwambieni imekwenda wapi.

Mie si mtu wa kompyuta wa kuzaliwa. Digrii ya mwanzo nilisomea ualimu, hesabu na ICT, nikasomesha skuli miaka mitatu kwetu Wete, Pemba, halafu nikaja Unguja kusoma masta. Mada yangu ni kama mtoto asiyejua bao anaweza kulijua kwa simu vile anavyolijua mtu kwa kukaa barazani, kwenye proposo imeandikwa kwa maneno makubwa lakini ndo hiyo tu. Supavaiza wangu aliipenda, akauliza suala moja, "na hilo gemu atalitengeneza nani?" nikamjibu mie mwenyewe, na wallahi siku hiyo nilikuwa sijawahi kutengeneza hata kalkuleta.

Injini niloanza nayo siitaji jina. Ilinilia bando la wiki nzima sijaona hata batani moja, na ilipofunguka feni ya laptopu ikalia kama mashine ya kukunia nazi. Laptopu yangu ni ya mtumba, RAM GB 4, mwenzangu wa dakhalia akaniambia shoga hapo unaitafutia mauti hiyo, jaribu Godot.

Godot nilishusha nikaona kama nimekosea faili, kwa sababu haikufika hata MB 100. Na huinstoli kitu, unafungua zipu unabonyeza inafunguka, unaweza hata kuiweka kwenye fleshi ukenda nayo maabara. Lakini siku ya mwanzo ilinigomea, ikaniandikia mambo ya Vulkan (njia ya programu kuzungumza na chipu ya picha), nikajua ndo basi. Kumbe Godot 4 ina njia tatu za kuchora picha, mbili zinataka Vulkan au ndugu zake wapya, ambazo laptopu za zamani nyingi hazina, na ya tatu inaitwa Compatibility, hiyo inatumia OpenGL, njia ya zamani zaidi, na ndo ya kwetu sisi wenye vyombo vichovu. Chagua hiyo unapoanzisha projekti na maisha yanaendelea. Nimepoteza siku mbili kwa kitu hicho tu, weye usipoteze.

Suala la leseni kama unafanya utafiti usilipuuze, maana utaulizwa. Godot iko chini ya leseni ya MIT, yani gemu ni lako, huna wa kumlipa hata ukiuza, sharti uweke lile tangazo lao la leseni ndani ya gemu basi. Iliandikwa na Waargentina wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur, wakaiachia wazi kwa watu wote 2014. Kwenye injini nyengine, Unreal wao wanachukua asilimia 5 gemu likishaingiza zaidi ya dola milioni moja, ambayo kwangu mie ni hadithi za Abunuwasi, na Unity Septemba 2023 walitangaza malipo kwa kila mtu anayeinstoli gemu, watu wakachachamaa dunia nzima mpaka mwaka wa pili yake wakayafuta. Haya yote niliyaweka kwenye proposo, aya moja, na suala halikurudi tena.

Sasa kujifunza. Lugha yake ya kuandikia kodi ni GDScript, ukishaiona Python (lugha nyengine ya kodi) utaizoea haraka. Nilianza na masomo ya bure ya GDQuest yanayofunguka kwenye brauza, unaandika kodi pale pale inakwambia umekosea wapi (mama yangu kunisikia kila siku kwenye simu "nnaandika kodi" alidhani nimepata kazi ya mapato). Halafu kitu nilichokipenda kuliko vyote, kitabu chao cha maelezo unaweza kukishusha chote ukakisoma bila ya mtandao, mie nimesoma nusu yake Pemba umeme hakuna, kwenye simu, juu ya dari.

Ambacho sikukipenda ni kozi niloilipia, jina naliacha. Video masaa na masaa, kumbe ni ya Godot 3 na mie niko kwenye 4, na kati ya hizo mbili vitu vimebadilishwa majina mpaka unahisi umerogwa. `yield` imekuwa `await`, `KinematicBody2D` imekuwa `CharacterBody2D`, `instance` imekuwa `instantiate`, unaandika alivyoandika mwalimu herufi kwa herufi na wekundu unakujia skrini nzima. Toleo la 4 lilitoka Machi 2023, kwa hiyo video yoyote ya kabla ya hapo itazame kwa kujua. Robo ya nyota imekwenda hapo.

Mpango wenyewe wa Godot ni nodi (node) na sini (scene). Kila kitu ni nodi, nodi zikikusanyika ni sini, na sini moja unaweza kuitia ndani ya nyengine. Bao lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na mie kwa ujinga wangu nilichora shimo moja moja yote 32 kwa mkono na kila moja nikaliandikia kodi yake, wiki nzima, halafu ndo nikasoma kuwa unatengeneza sini moja ya shimo ukairudufu mara 32. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Nkaja kwenye lenyewe. Rasimu ya mwanzo nilikwenda nayo Pemba likizo, babu mzaa mama ni mtu wa bao, baraza yao wanakaa baada ya laasiri mpaka magharibi. Mie mtoto wa kike sikukaa nao nje, nilikaa ukumbini dirisha wazi, simu nikampa binamu yangu awapelekee na daftari langu la kuandikia. Kanuni nilikuwa nna hakika nazo, komwe 64, kila mtu 32, sita kwenye nyumba (lile shimo kuu la kila mchezaji), mbili na mbili pembeni yake, 22 mkononi za kunamua, yani kuziingiza ubaoni moja moja. Nimesoma mpaka kazi ya udaktari ya yule Mholanzi Alex de Voogt ya 1995 kuhusu mafundi wa bao. Hazikupita dakika tano babu akaita, "mke wangu! hili bao lako linaiba!" Amekula kwenye kimbi (mashimo ya mwisho wa safu) upande wa kulia, komwe zikaanza kusambazwa kutoka kichwa (shimo la mwisho kabisa) cha kushoto badala ya cha kulia. Kosa la alama moja tu kwenye kodi, na mie nilikuwa nimelijaribu gemu lile mara mia.

Halafu akasema neno ambalo limekula sura nzima ya tasnifu yangu. Akasema halilii. Komwe zinatembea kimya, tena zinatembea mbio, yeye anataka azisikie zinavyoanguka moja moja kwa sababu ndo anavyozifuata. Mie sauti niliiona pambo, nitaitia mwisho nikipata nafasi. Kwenye masomo ya ubunifu wa gemu kuna karatasi ya Hunicke, LeBlanc na Zubek ya 2004, wanasema mtengenezaji anaanzia kwenye kanuni na mchezaji anaanzia kwenye hisia, wanakutana katikati, niliisoma, nikaifanyia prezenteshini, nikapata maksi nzuri, na sikuielewa mpaka siku ile dirishani. Kwenye nyumba pia, nilitia kisanduku kinauliza "unalala au unaendelea na safari?" kila komwe ya mwisho ya mtu anayekula ikiangukia mle, mzee mmoja akasema mbona linauliza kama polisi. Nikakitoa, sasa unagusa nyumba ukitaka kuendelea, usipogusa umelala.

Kuyarekebisha haya Godot ilinifaa sana, nilifanya kule kule Wete jioni ile ile. Mwendo wa komwe niliupunguza kwa kitu kinaitwa Tween, mistari mitatu. Sauti nilirikodi komwe za babu kwa simu, ikabidi niigeuze kuwa WAV kwanza, maana m4a ya simu Godot haiipokei. Kesho yake baraza ile ile wakacheza toleo jipya, na kwa mtu wa utafiti hilo ndo lenye thamani, si michoro ya kung'ara.

Sasa nyota ilobaki. Kulitoa gemu kwenye laptopu ukalitia kwenye Android ni mtihani. Kwanza ushushe mafaili ya kusafirishia, karibu GB moja, yani injini ndogo lakini mizigo yake ndo hiyo. Halafu utafute Android SDK (vifaa vya kutengenezea programu za Android), halafu Java, programu nyengine inayohitajika, na si Java yoyote, toleo 17, halafu ufunguo wa kutilia saini. Mie toleo la Java lilikuwa jengine na ujumbe ulokuja haukunieleza kitu, siku nne. Anayeanza namwambia afanye hii kazi wiki ya mwanzo gemu likiwa halina kitu ndani, asingoje mpaka usiku wa kuamkia boti.

Na hili wenye utafiti mulisikie vizuri. Nilikuwa narikodi kila hatua ya mchezaji kwenye faili ndani ya `user://` (folda ya Godot ya kuhifadhia data za gemu), na kwenye laptopu ilifanya kazi safi kabisa. Kwenye simu faili lile linakaa ndani ya tumbo la programu, hulioni kwa njia ya kawaida, na simu za watu nilishazirudisha. Data za watoto sita zimekwenda hivo, nimelia. Sasaivi nimetia batani inayonakili rikodi yote, unaibandika WhatsApp unajitumia, ya kienyeji lakini haijanitupa.

Kama unataka gemu kubwa la 3D au kazi kwenye kampuni za nje watakwambia jifunze nyengine, sibishani nao. Kama una laptopu kama yangu, bando la kuhesabu na mwaka mmoja wa kumaliza, chukua hii. Aliyekwama kwenye Java aniandikie, hiyo nshaijua kwa moyo.

Mie kwa sasa narekebisha sauti kwa mara ya tatu. Nimerikodi upya, komwe halisi, bao la mvule la babu mwenyewe, nikampelekea. Kanijibu kwa voisi, eti hizo ni kokoto.