TAHADHARI: Taa za studio za "wati 300" zinazotumwa Mwanza kwa basi

Wapiga picha wenzangu wa Mwanza, hasa mnaoanza: kuna muuzaji anatangaza seti ya taa za studio Instagram, ukimuuliza bei anakuhamishia WhatsApp. Anasema duka liko Kariakoo. Mimi ameshanila 380,000, na juzi nimesikia kuna kijana wa Igoma ameanza kuongea naye. Ndiyo maana naandika.

Napiga picha za watu: wahafali, mabibi harusi, watoto wanaotimiza mwaka. Siku zote nilitegemea dirisha la sebuleni na jua la jioni pale Capri Point. Msimu wa mahafali ulipokaribia nikataka taa za kufanyia kazi usiku. Tangazo lake lilisema taa mbili za wati 300 kila moja, softboksi mbili (maboksi ya kitambaa ya kulainisha mwanga), stendi mbili na begi. Nikamuuliza, hizi ni flashi au ni taa za kuwaka muda wote? Akajibu, "Zote mbili bosi wangu, hizi ndizo wanazofunga studio kubwa za Dar."

Hapo ndipo nilipotakiwa kuishia. Nguvu ya flashi ya studio hupimwa kwa wati-sekunde, yaani umeme unaokusanywa kisha kuachiliwa kwa mpigo mmoja. Taa ya kuwaka muda wote hupimwa kwa wati. Ni vipimo viwili tofauti, na yeye alikuwa na namba moja tu ya kujibia kila swali.

Nikatuma nusu ya pesa. Kesho yake akanitumia picha ya risiti ya mzigo, nikapanda daladala hadi stendi ya Nyegezi. Kijana wa mizigo akaniambia ameelekezwa asitoe boksi mpaka aliyetuma athibitishe kulipwa yote, na kufungua kabla ya hapo hairuhusiwi. Nilikuwa na mteja saa tisa. Nikamalizia pesa nikiwa nimesimama palepale. (Yule kijana simlaumu, yeye kazi yake ni kupokea na kutoa.)

Boksi lina nembo ya kampuni inayojulikana, taa za ndani hazina jina lolote. Ni balbu za LED za kuzungusha kwenye holda kama za sebuleni, ila kubwa kidogo. Nikampiga mdogo wangu picha, ngozi ikatoka kijivu yenye ukijani chini ya macho. Nikirekebisha rangi, kanzu yake nyeupe inageuka pinki. Hiyo ni dalili ya CRI ya chini, kipimo kinachoonyesha taa inatoa rangi kwa uhalisia kiasi gani, mwisho wake 100. Kwa picha za sura tafuta 95 kwenda juu. Nilipopandisha kasi ya shata (pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga) hadi 1/500 ya sekunde, ikaja mistari ya giza juu ya picha. Umeme wetu huzunguka mara 50 kwa sekunde, na balbu ya hovyo hupepesa mara 100. Jicho halioni, kamera inaona.

Na hizo wati 300? Niliiuliza LUKU, mita yetu ya umeme. Nikazima friji na kila kitu, nikasoma uniti zilizobaki, nikawasha taa zote mbili kwa saa nzima huku mke wangu akinung'unika kwamba samaki wataharibika. Wati 600 kwa saa moja zinakula uniti 0.6. Zilikatwa 0.08. Yaani wati 40 kila moja.

Nikamtumia picha ya mita. Akasoma, akanibloku. Nimechukua RB (namba ya taarifa) polisi, na namba yake ya simu nimeituma kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu.

Halafu kwa anayeanza, taa mbili hata zisingehitajika. Flashi moja ndogo ya kukaa juu ya kamera, triga ya kuiwasha ukiwa umeiweka pembeni, stendi, na mwavuli mweupe. Upande wa pili simamisha shuka jeupe lirudishe mwanga usoni. Triga iwe ya aina ya kamera yako, maana ya Canon ukiipachika kwenye Sony utahangaika bure. Hata kama ni ya mtumba, nunua mahali utakapoiwasha mbele ya muuzaji. Kama ni taa ya kuwaka muda wote, irekodi kwa simu kwenye mwendo wa taratibu, ikipepesa, mrudishie.

Akaunti ya huyu mtu inabadilisha jina kila mara, lakini video haibadiliki: pazia la kijani lililochanika kona, mkono unafungua begi, uso hauonekani. Jana ameipandisha tena. Safari hii anasema ni za wati 600.