Rivyu ya flati ya Bamburi, Mombasa, niliyolipia dipoziti: nitoke ama nivumilie?

Haya jameni, nimeulizwa sana kuhusu hii flati, hasa na wale wanaotafuta nyumba ya kwanza kama mie, kwa hivyo naandika yote hapa mara moja nipumzike. Jina la kampuni sitaji, barua za mawakili bado zinatembea, na hata mkiniuliza pembeni sisemi.

Kwa ufupi: flati yenyewe nyota tatu, kampuni nyota moja, dalali hata hiyo moja namkopesha tu, wakili nyota tano na kungekuwa na ya sita ningempa.

Mazuri yapo, tusidhulumu. Vyumba viwili gorofa ya nne, roshani imeelekea baharini, kaskazi ikivuma ama kusi wewe hewa unapata, feni unaisahau. Jiko ni la kiungwana, mtu anaweza kukaa chini na mbuzi yake akakuna nazi bila kugonga friji na mgongo, si haya majiko ya siku hizi ya kupita kiubavu. Msikiti uko karibu, barabara ya Malindi unaifikia kwa miguu, matatu za town ni za kumwaga. Jam ya daraja la Nyali asubuhi siwezi kumlaumu nayo mtu, sisi wa kaskazini tushaizoea. Bei milioni 6.8, dipoziti asilimia 10 yaani 680,000, inayobaki wakati wa kukamilisha, na juu yake ushuru wa stempu asilimia 4 kwa sababu tuko mjini. (Msidanganywe ati mnunuzi wa kwanza halipi stempu, huo msamaha ni wa nyumba za mpango wa serikali wa bei nafuu, si kila flati yenye rangi mpya.)

Sasa matatizo. Kuna ya ukuta na kuna ya karatasi, na watu wengi wanaogopa ya ukuta kwa sababu ndiyo yanayoonekana.

Nilimpeleka fundi mmoja mzee wa Kisauni, amejenga pwani hii tangu mie sijazaliwa. Hakuangalia taili wala kabati za jikoni ambazo dalali alikuwa anazipapasa kama farasi wa kuuza, yeye akaenda moja kwa moja kwenye pembe ya chini ya ukuta wa chumba cha kulala, akakwaruza na kucha, ikatoka unga mweupe. Akauonja! Akasema chumvi hii. Ama mchanga haukuoshwa ama zege ilikorogwa na maji ya kisima, na plasta si neno, plasta inabanduliwa inapigwa upya, neno ni kama chumvi hiyo hiyo iko ndani ya nguzo, maana ikifikia chuma kinashika kutu, kutu inavimba, ikivimba inapasua zege kutoka ndani na wewe kule juu umelala. Tukashuka parking akanionyesha nyufa nyembamba kwenye nguzo mbili. Huenda si kitu, akasema, lakini waulize vipimo vya zege, vile vya kupima nguvu yake ikishafika siku 28, kila kontrakta wa maana anavyo. Tukaomba. Wakasema viko kwa injinia. Injinia yuko Nairobi. Injinia wa Nairobi mpaka leo hajafungua hilo faili.

Na hapa Mombasa hii si hofu ya bure, wote tuliona 2025 lile gorofa la Kilifi Corner lilivyotitia mpaka watu wakahamishwa na jengo likabomolewa.

Maji: bruosha inasema "maji saa 24" na si uongo, ni maji ya kisima na ni ya chumvi. Maji matamu ya mji huu yanatoka mbali, Mzima, Baricho, Marere, Tiwi, yanafika kwa zamu, na ikipita zamu yako ni bauza (lori la maji) ama mtungi wa mkokoteni. Kwa hivyo utaoga chumvi, mifereji ile ya kung'aa itashika kutu, hita itakufa, mashine ya kufulia itaifuata. Lakini haya yana bei. Unaweza kukaa na kalamu ukaandika plasta kiasi gani, filta kiasi gani, tangi la maji matamu kiasi gani, ukamwambia muuzaji atoe kwenye bei.

Ya karatasi hayana bei, na hapo ndipo wakili alipopata nyota zake.

Alifanya search ya plot, yaani kupekua rekodi zake ofisi ya ardhi, akatoa na CR12, karatasi ya msajili wa kampuni, ajue wakurugenzi ni nani, akaniita ofisini. La kwanza, hati mama ya plot nzima iko rehani benki, kampuni ilichukua mkopo wa kujengea. Hilo si dhambi, wajenzi wengi hufanya hivyo, lakini lazima benki iandike kwamba inaiachilia flati yangu pesa zikilipwa, na barua hiyo haipo. Bila hiyo mie nikimaliza kulipa na kampuni isimalize kulipa, benki inakuja kuuza jengo na mie ndani yake.

La pili, ile "lisi ya miaka 99", yaani muda wa kukodishiwa ardhi, iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye bango. Ni kweli ni 99, ila imeanza kuhesabiwa 1974! Itaisha 2073. Yaani nanunua miaka isiyofika 50, na mwanangu akirithi atakuwa anarithi foleni ya kuomba kuongezewa muda. Nilimuuliza dalali mbona hukusema, akanijibu "mami, kwani wewe utaishi miaka hamsini?" Nikamwangalia tu.

La tatu, tangu sheria ya Sectional Properties ya 2020 ianze kazi mwisho wa mwaka huo, kila flati inafaa iwe na hati yake peke yake, na hiyo inatoka baada ya kusajiliwa ramani inayogawa jengo flati moja moja. Ramani hiyo haijasajiliwa. Na cheti cha kaunti cha kuruhusu watu kuhamia hakijatoka, na huku kuna familia mbili zishahamia na mapazia zishatundika.

Mie riba sitaki, kwa hivyo nilikuwa nimepanga iliyobaki niichukue benki ya Kiislamu, hizi zilizoanza Kenya 2008, kwa mpango ule wa ubia, benki inanunua na wewe halafu unaipunguzia hisa polepole huku unalipa kodi ya sehemu yake. Afisa aliangalia makaratasi akasema dada, sisi tunanunua kitu, sasa hapa tununue nini? Leta hati ya flati tutazungumza. Swali lake lilinikaa kuliko nyufa zote za parking.

Nikamweleza mama. Mama amekulia Majengo, nyumba ya babu yake ilikuwa yao, kuta zao, makuti yao baadaye mabati yao, na ardhi ya mtu mwengine, kila mwezi wanampelekea mwenye shamba kodi yake, na siku mwenye shamba alipouza hawakuulizwa. Mombasa nyumba bila ardhi tunaijua sisi. Mama hakupiga kelele, aliuliza tu "na hii yako ya milioni sita, ukigombana nao utashika nini mkononi?" Mjomba yeye ni upande wa pili kabisa, anasema bei za Bamburi zinapanda, hati itatoka tu, wote wanacheleweshwa, nikitoka sasa nitarudi kununua kwa milioni nane. Na kampuni ilivyosikia nasitasita ikatoa ofa ya kupunguza 400,000 nikisaini karatasi ya kukubali kuwaongezea muda wa kukamilisha mauzo. Laki nne ni pesa, sitajidai, nililala nazo kichwani.

Lakini sikilizeni, swali la "nitoke ama nisitoke" lina mtego ndani yake, na wakili ndiye aliyenifungua macho. Kutoka kuna njia mbili na tofauti yake kwangu ni 680,000. Ukijitoa mwenyewe, yaani umechoka, umebadilisha nia, umeogopa, mkataba unasema dipoziti imeliwa yote. Lakini tarehe ya kukamilisha ikipita na muuzaji hajaleta makaratasi aliyoahidi, mwenye kosa ni yeye, unampa notisi, kwetu ni siku 21 kama mikataba mingi ya hapa, zikiisha hajaleta ndipo unavunja mkataba na pesa zako zinarudi na riba juu (hiyo riba tutajua pa kuipeleka).

Sasa tazama. Wiki ileile tarehe ilipopita dalali akanipigia na sauti ya asali, "dada'angu naona una stress, niandikie tu meseji fupi WhatsApp kwamba unajitoa, nikutafutie mteja mwengine, pesa yako itarudi yote." Nilikuwa nishaanza kuiandika wallahi, kidole kiko juu ya kitufe. Nikampigia wakili kwanza, akasema usimuandikie hata salamu. Meseji ile ingekuwa ndiyo ushahidi wao kwamba mie ndiye niliyekimbia.

Na jengine la wakili: wakati wa kusaini dalali alitaka dipoziti iende moja kwa moja akaunti ya kampuni, "ndivyo kila mtu anavyofanya". Wakili akakataa katakata, akalazimisha ikae kwa wakili wa muuzaji, aishike kama amana, asiiachilie mpaka mauzo yakamilike. Nilimwona msumbufu siku hiyo maana alituchelewesha na ada yake ilikuwa inanikereketa. Wenzangu wa gorofa ya sita pesa zao ziliingia kampuni, zishageuka lifti na taili, na wao wakitaka kutoka leo watasubiri kampuni iuze kwanza ndipo walipwe.

Kwa hivyo nimeamua hivi. Notisi imeshapelekwa. Ndani ya siku 21 walete barua ya benki, ramani iliyosajiliwa yenye flati yangu, cheti cha kaunti, na vile vipimo vya zege kwa mkono wa injinia. Wakileta vyote nitakaa nao tuzungumze bei upya kwa ile miaka iliyobaki, si kwa 99 ya bango, na laki nne yao itakuwa mwanzo wa mazungumzo tu. Kikikosekana kimoja naondoka na dipoziti yangu. Mjomba amenuna kidogo, atapoa.

Jana meneja wa kampuni amepiga mwenyewe, anataka "kikao cha kifamilia" hotelini Nyali bila mawakili. Nimemwambia aandike barua. Huku nyuma kuna flati ya zamani Tudor, lifti haina, jiko dogo, lakini mwenyewe ana hati ya flati yake kwa jina lake na lisi imebaki miaka 80 na kitu, nimeomba kopi ya hati search ifanywe kwanza, na mzee wa Kisauni tushampigia aje aonje kuta.