Uzoefu wangu na LTspice: kushusha volti 24 za lori ziwe 12

Mosfeti (swichi ya kielektroniki) ya kwanza niliyoifunga kwenye bodi iliungua kabla sijatoa kidole kwenye swichi. Usiku uliotangulia, LTspice, programu ya kujaribu saketi kwenye kompyuta kabla ya kuijenga, ilinionyesha saketi ileile ikitoa volti 12 zilizonyooka kama uzi. Nilikaa pale na harufu ya plastiki puani, nikiitazama laptopu kama mtu aliyenidanganya.

Nina karakana ndogo ya umeme wa magari Morogoro, na wateja wangu wengi ni madereva wa malori. Lori lina betri mbili za volti 12 zilizoungwa mfululizo, hivyo umeme wake ni volti 24, na injini ikiwaka altaneta inaupandisha hadi 28 hivi. Redio na chaji ya simu ni za volti 12. Wengi huchukua umeme kwenye betri moja tu, ile ya chini, na maisha yanaendelea. Baada ya miezi kadhaa betri ile inakuwa haishibi na mwenzake inajazwa kupita kiasi, halafu dereva analaumu duka la betri. Nikaamua kutengeneza kibadilisha volti cha kwangu, cha ampea 5, na nikune kichwa kwenye kompyuta kwanza kabla ya kukuna mfuko.

LTspice niliichagua kwa sababu ni ya bure kabisa, haina kikomo cha ukubwa wa saketi, na inakimbia vizuri kwenye laptopu yangu kuukuu. Ukoo wake unatoka SPICE, programu iliyozaliwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mike Engelhardt ndiye aliyeandika LTspice akiwa Linear Technology, kampuni iliyonunuliwa na Analog Devices mwaka 2017. Programu nyingine za kazi hii, kama PLECS na PSIM, ni nzuri lakini leseni zake si za fundi wa kando ya barabara.

Sura yake haivutii. Wiki ya kwanza nilikuwa nahangaika hata kuzungusha rezista. Ila ukishazoea vitufe vya kibodi, mkono unakwenda wenyewe. Hesabu za mwanzo nilifanya kwa kalamu: kupata 12 kutoka 24, mosfeti iwake nusu ya muda. Ikiwaka na kuzima mara 100,000 kwa sekunde, koili ya mikrohenri 47 itaacha mkondo upande na kushuka kwa ampea 1.3 hivi, kwa hiyo mzigo ukiwa ampea 5 kilele kinafika karibu 5.6. Nikachora, nikabonyeza kitufe, na programu ikatoa namba zilezile. Raha ya kuona hesabu ya daftarini ikichorwa kwenye skrini siwezi kuieleza.

Basi mosfeti iliungua kwa nini? Nilitumia IRF9540N, ya aina ya P, kwa kuwa ni rahisi kuiendesha ikiwa upande wa chanya. Kuiwasha unavuta volti ya geti lake (mguu wa kuiamrisha) iwe chini ya ile ya sosi (mguu unaoingiza umeme). Mimi nililivuta hadi sifuri, yaani geti likawa chini ya sosi kwa volti 24 nzima, wakati datashiti inasema mwisho ni 20. Kwenye programu hilo linapita kimya, kwa sababu modeli ya mosfeti haijui kutoboka. Unaweza kuitia volti 200 getini na itaendelea kukutii. Tangu siku ile, kila nikimaliza kuchora napima kwanza volti ya geti kwa sosi, ndipo nitazame kitu kingine chochote. Zena (diodi ya kuzuia volti isizidi) ya volti 12 na rezista moja vilimaliza tatizo.

Kosa la pili ni la kapasita. Programu ilisema volti ya kutokea inatikisika kwa milivolti 3 au 4 tu. Oskiloskopu, kifaa kinachochora volti halisi, ikaonyesha zaidi ya 100! Ukiweka kapasita kwenye mchoro bila maelezo, LTspice inaichukulia kuwa kapasita kamili isiyo na ukinzani wowote ndani yake. Kapasita za mikrofaradi 470 za bei rahisi zinao. Bofya kapasita kwa kitufe cha kulia, jaza omu 0.1 mahali pa ukinzani wa mfululizo, endesha tena: ule mkondo wa ampea 1.3 unazaa milivolti 130 papo hapo. Kumbe nafasi ya kujaza ilikuwepo siku zote, mimi ndiye niliyeiacha wazi.

Koili nayo ni hivyohivyo. Niliisuka kwenye kile kiduara cha njano chenye upande mweupe, kinachopatikana ndani ya pawasaplai mbovu za kompyuta. Koili ya kwenye mchoro haichoki na haipati moto. Yangu baada ya dakika kumi ilikuwa haishikiki, maana chuma kile hakikukusudiwa kasi niliyokuwa naitumia. Programu ilikadiria ufanisi wa asilimia 95. Mezani nilipima 88. Nilipohamia kiini cha feraiti chenye mwanya, pengo likapungua.

Kisha akaja mzee mmoja anayeendesha Tunduma, niliyempa kifaa cha majaribio. “Fundi, redio yako hii inalia kama mzinga wa nyuki.” Kwenye FM ilikuwa shwari, kwenye AM haisikiki kitu. Nikarudi kwenye mchoro nikaongeza koili ndogo ya nanohenri 20 kila mahali penye kipande kirefu cha waya, maana waya nao ni koili kidogo, na kile kilichokuwa ukuta ulionyooka wa volti kikaanza kutetemeka kwa kasi ya ajabu kila mosfeti inapozima. Hapo LTspice ilinilipa jasho langu lote. Nilijaribu rezista na kapasita za kuzima mtetemo, michanganyiko kama 15 kwa jioni moja, bila kuchoma risasi hata tone.

Jioni nyingine nzima ilipotea kwa herufi moja. Niliandika 1M kwenye rezista ya kumwaga chaji, nikimaanisha omu milioni moja. Kwa LTspice, M kubwa na m ndogo ni kitu kimoja, sehemu moja ya elfu. Nilikuwa nimefunga shoti kwenye njia ya kutokea umeme. Milioni huandikwa Meg. Wanaoanza, liandikeni ukutani.

Jambo linalonikera ni maktaba yake. Imejaa chipu za Analog Devices, nzuri sana, ambazo mimi dukani sizioni. Chipu za kuendesha vibadilisha volti zinazopatikana kwetu ni TL494 na UC3843, na hizo unatafuta modeli yake kwingine na kuiingiza mwenyewe. Nyingine zinagoma katikati, programu inalalamika kuwa hatua ya muda imekuwa ndogo mno. Mara nyingi ukiongeza ukinzani kidogo kwenye njia isiyo nao, inatulia. Kupima uthabiti wa mzunguko wa marejesho (ule unaorekebisha volti ya kutokea) kulikuwa kazi ngumu zaidi, ila toleo la 24 lina kifaa chake maalumu.

Ningeipa nyota nne. Mzee wa Tunduma amerudi, sasa anataka ya ampea 10 kwa ajili ya friji ndogo. Nimeshaichora. Mkondo ukiwa mara mbili, joto la mosfeti linakuwa mara nne, na ile IRF9540N inaonyesha karibu wati 6 hata kabla sijahesabu kuwaka na kuzima. Itabidi nihamie aina ya N, na hangaiko la kuliendesha geti lake likiwa juu ya volti za betri. Nimemwambia anipe wiki tatu.