Surface Evolver: nyuso funge kwa mpindo uliopangwa, na zile inazozikosa

Kwa anayetaka kuuona uso funge wenye mpindo wa wastani uliopangwa (uso usio na ukingo, kama wa mpira, ambao kiasi cha kupinda kwake kila mahali kimeamuliwa mapema), badala ya kuusoma tu kwenye thibitisho, chombo bora cha bure ni Surface Evolver ya Kenneth Brakke. Menyu za maana hazipo. Unaandika faili la maandishi lenye vipeo, kingo, pande na mwili, kisha unaliendesha kwa amri za herufi moja moja. Sura yake ni ya miaka ya 1990. Hesabu zake ni imara.

Anza na cube.fe inayokuja na programu. Mchemraba wa ujazo 1 hufunguka ukiwa na pembetatu 24. Amri r huigawa kila pembetatu kuwa nne (96, 384, 1536), g 20 huteremsha nishati (hapa ni eneo la uso) kwa hatua ishirini, nazo u na V husawazisha pembetatu zilizochongoka. Eneo huanzia 6 na kushuka kuelekea 4.83598, eneo la tufe la ujazo huohuo, na sharti libaki juu kidogo ya namba hiyo. Amri v huonyesha presha inayokaribia 3.224, yaani 2 kugawanya kwa rediasi. Hiyo ni jumla ya mipindo mikuu miwili (ule mkubwa kabisa na ule mdogo kabisa katika nukta), si wastani wake. Makala nyingi hutumia wastani, na majibu yaliyozidi au kupungua mara mbili hutokea hapo.

Mpindo unaoutaka, h (nao pia ni jumla ya mipindo mikuu miwili), ukitegemea mahali, futa "volume 1" kwenye sehemu ya bodies. Ukiiacha, programu itaongeza presha yake juu ya h yako. Kisha weka nishati ya aina ya facet_vector_integral (intigrali ya uga wa vekta juu ya pembetatu zote), modulus (kizidishi) -1, kwa uga wa vekta ambao daivajensi yake (kiasi cha kutawanyika kwake katika kila nukta) ni h. Jaribio ninalolipenda ni h = 2/r², r ikiwa umbali kutoka (0,0,0), ambalo uga wake ni 2x/r², 2y/r², 2z/r². Jibu ni tufe la rediasi 1 lenye nishati −4π, yaani −12.566, na hakuna uso unaoweza kushuka chini ya hapo. Ukiona −12.6, intigrali zako ni hafifu: pandisha integral_order au gawa pembetatu zaidi.

Mitego ni miwili. cube.fe ina kipeo kwenye (0,0,0), palepale uga unapolipuka, kwa hiyo badilisha viwianishi viende kutoka −1 hadi 1. Pia pande zikielekezwa ndani, ishara ya intigrali hugeuka na uso hunywea wote.

Sasa weka h = 2 kila mahali. Tufe la rediasi 1 bado ni jibu halali, ila g haitalifikia. Nishati ya tufe la rediasi R, 4πR² − (8/3)πR³, ina kilele pale R = 1: ukianzia ndani uso unasinyaa, ukianzia nje unavimba bila kikomo. Asiyejua atatangaza kwamba uso haupo! Kwa 2/r² mambo yalikwenda sawa kwa sababu rh (r mara h) hupungua kadiri r inavyokua, na sharti la namna hiyohiyo, kwamba rh isiongezeke, limo katika nadharia ya Treibergs na Wei ya 1983, pamoja na lile la h kuzidi mpindo wa tufe dogo la ndani na kupungukiwa na ule wa tufe kubwa la nje. Kwa hiyo g hupata mabonde tu. Amri hessian hukubali hata kilele, mradi uianzishe karibu na jibu. Ukiwa mbali hurusha vipeo hovyo.

Programu haikagui kama uso unajipenya. Kwa torasi (uso wa umbo la pete) ya Wente (1986), yenye mpindo usiobadilika na inayojipenya, hilo linafaa. Kwa anayetafuta uso usiojipenya, itabidi aukague mwenyewe, kwa amri s na kwa kuuzungusha kwenye kioo, kabla ya kuamini namba yoyote.